Tumo Humu Ndani

Jumatatu, 6 Oktoba

Soksi. Soksi kwanza, kabla mguu haujagusa sakafu. Viatu vinakaa kwenye mfuko nyuma ya mlango. Bomba linafunguliwa nusu. Televisheni haina sauti, tunasoma maandishi chini ya picha. Taa ya sebuleni haiwashwi kwa sababu dirisha linatazama barabara. Hizo ndizo sheria za Mama na leo nimezifuata zote, kama jana, kama miaka mitano iliyopita.

Saa kumi na moja jioni mtu amegonga. Neema alikuwa na kijiko mdomoni. Kimebaki humo humo. Mdogo wangu ana miaka tisa na kwa kuganda anaishinda friji. Mama ameinama kutazama vivuli vya miguu chini ya mlango. Mtu amegonga tena, na tena, kisha akashuka ngazi. Tumehesabu hadi mia mbili ndipo Neema akatafuna.

Sisi si wezi. Karatasi zetu za kukaa nchi hii ni halali. Mama ana kazi, anasafisha maofisi alfajiri. Kodi inakatwa benki yenyewe. Nyumba hii ya ghorofa ya nne hapa Tottenham, London, ni yetu kwa mkataba wenye jina lake. Na bado tunaishi humu kama panya.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Nilisoma Nairobi hadi darasa la sita na mwalimu wangu alinipenda kwa insha. Neema anakielewa lakini hawezi kukisoma, na ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Mama anaweza kukisoma, ila Mama hafungui chochote chenye maandishi isipokuwa Biblia. Kwa hiyo ni hapa tu ninapoweza kupiga kelele.

Nimechoka. Nina miaka kumi na saba na sijawahi kuvaa viatu ndani ya nyumba yangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Darasa letu la maigizo linatengeneza mchezo juu ya vijana wa Kiyahudi waliojificha wakati Wanazi wakiwasaka. Leo mwalimu amemleta mwenye hadithi. Anaitwa Bibi Gitla. Ana miaka tisini na sita. Alifichwa Brussels, Ubelgiji, kwenye dari la kiwanda kidogo cha glavu, toka akiwa na miaka kumi na mitatu mpaka kumi na mitano. Alikuwa na kaka yake, Simon, na binamu yao Lea.

Tulikuwa tumejiandaa kulia. Mwalimu alileta boksi la tishu, na wote tulivaa nyuso za msibani. Bibi ameingia akilalamikia kahawa ya shule. Ameuliza nani kati yetu anavuta sigara, akasema anasikia harufu, akasema hasemi. Umbo lake ni dogo kama la mtoto wa darasa la nne. Mkongojo anautumia kunyooshea watu kidole.

Mwalimu ametuambia tutembee jukwaani kama watu waliojificha. Wote wamepanda juu ya ncha za vidole, mabega masikioni, macho yametoka. Bibi amepiga mkongojo chini. Amesema kwa mwendo huo tungekamatwa kabla ya chakula cha mchana. Ncha ya kidole inabonyeza ubao na ubao unalia.

Mimi nilikuwa nimetembea kwa ukingo wa nje wa mguu, nikiambaa ukutani, ambako mbao zimepigiliwa misumari. Sikufikiri. Ndivyo ninavyokwenda chooni.

Bibi amenitazama muda mrefu. Ameuliza nimejifunza wapi. Nimesema nyumbani. Darasa zima limecheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimerudi sokoni nikakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wetu, gundi pembe zote nne. Herufi nyekundu. Nimeisoma nikiwa nimekumbatia viazi.

Ofisi ya nyumba inasema imeandika barua nyingi na imetuma watu mara nne, hakuna aliyefungua. Majirani wameulizwa. Jirani wa chini amesema hajawahi kusikia mtu humu. Kwa hiyo nyumba inahesabiwa kuwa imetelekezwa. Ijumaa, tarehe 7 Novemba, saa mbili na nusu asubuhi, watakuja na fundi, watabadilisha kitasa, na nyumba watapewa wengine.

Hajawahi kusikia mtu!

Mama na Neema walikuwa ndani wakati inabandikwa. Neema anasema walisikia mkono ukiilainisha karatasi upande wa pili wa ubao, wakashika pumzi. Nimecheka, kicheko kibaya. Tumejificha vizuri mpaka tumefutika.

Nimemsomea Mama kila neno. Amesikiliza. Kisha amebandua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa mchele ulioko chini ya kitanda, pamoja na nyingine zote. Huwa hazitupi. Barua iliyotupwa inaweza kuokotwa. Huwa hazifungui pia. Kwake bahasha yenye nembo ni amri ya kurudishwa tulikotoka, na amri usiyoisoma haijakufikia.

"Kama habatuone, habatatufukuza," amesema.

Wanatufukuza kwa sababu hawatuoni, Mama. Nimesema hivyo moyoni tu. Sipendi ninavyosema mambo moyoni.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani Mama ni mtu mwingine. Kanisa letu liko juu ya duka la matairi, na nadhani matairi yanamsikia. Anaongoza kwaya ya kina mama wa Bukavu, kwetu Kongo, anapiga vigelegele, anamkatiza hata mchungaji. Kwenye basi la kurudi sauti inapungua kituo baada ya kituo. Tukifika kwenye ngazi ananong'ona. Ngazi zenyewe ni za ghorofa nne, lifti imekufa tangu Agosti. Tukifika mlangoni ni ishara za mikono.

Nampenda yule wa kanisani. Huyu wa nyumbani nampenda pia lakini ananikasirisha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimepiga simu ofisi ya nyumba wakati wa mapumziko, nimejibanza nyuma ya ukumbi wa michezo. Dakika thelathini na tano za muziki. Hatimaye mwanamke, mpole. Amesema sijafika miaka kumi na minane na mkataba si wangu, hivyo neno langu halitoshi. Wanamtaka mwenye mkataba mwenyewe, ndani ya nyumba hiyo, na kitambulisho mkononi. Siku ile ile itafaa, amesema, mradi afungue kabla fundi hajaanza kazi.

Mradi afungue. Dada, hujui unachoomba.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo Bibi Gitla ametupa kitu.

Kiwanda kilicho chini ya dari lao kilikuwa kikiwashonea glavu askari wa Kijerumani. Mwenye kiwanda aliyewaficha hakuwa na hiari, alipewa oda. Jumapili wafanyakazi hawakuwepo. Basi Jumapili hao watatu waliteremka wakiwa na soksi, wakachukua glavu zilizokwisha kufungwa, wakafumua mshono ndani ya vidole na kuushona upya kwa uzi mbovu, uliolowekwa kwenye siki ukakauka. Kwa macho huoni kitu. Lea alikuwa fundi kuliko wote, mshono wake ulikuwa sawasawa na wa mashine. Ukiivaa glavu hiyo hapo Ubelgiji, iko salama. Ukiivaa kwenye theluji ya Urusi na kukunja ngumi, vidole vyote vinafumuka.

Mwenye kiwanda aliwafumania. Aliwatukana hadi akakosa pumzi, maana angepigwa risasi yeye. Jumapili iliyofuata aliwaachia mkasi mzuri zaidi mezani.

Mvulana mmoja darasani ameuliza kama walikuwa na hofu. Bibi amejibu kuwa hofu walikuwa nayo Jumatatu hadi Jumamosi. Amesema watu wakisikia "wamejificha" wanadhani ni watu walioacha kuishi. Wao waligombania kijiko. Simon alimfundisha Lea hesabu za aljebra, Lea akamwita punda. Yeye mwenyewe alimpenda kijana aliyekuwa akileta makaa, ambaye alikuwa akimwona kofia tu kupitia tundu.

Nimepewa nafasi ya kuwa Lea. Bibi ndiye aliyechagua. Mwalimu alikuwa na mtu mwingine akilini, nimeona.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimekaa na kalamu nusu saa.

Leo amesimulia siku ya uhuru. Mwalimu alitaka tumalizie mchezo kwa kengele na bendera. Bibi amesema hapana, mkongojo ukapiga chini.

Mwenye kiwanda alikuwa amekamatwa wiki mbili kabla, kwa jambo jingine. Hakuna mwingine aliyejua kwamba wako darini. Siku moja mwezi wa Septemba kengele za mji mzima zikalia. Wakasikia watu wakiimba. Simon akasema vita vimekwisha, tutoke. Gitla akasema ni mtego, wanaimba ili panya watoke. Wakabishana kwa kunong'ona. Mwisho Gitla akakalia kifuniko cha dari na mkasi mkononi, akamwambia kaka yake atapita juu ya mwili wake.

Alikaa hapo siku tisa. Mji ukiwa huru chini yao. Madaktari wa jeshi walikuwa wamepiga hema kwenye uwanja ulio mtaa wa pili.

Lea alikuwa na homa ya kifua. Alifariki siku ya saba.

Amesimulia bila kutikisika. Boksi la tishu hakuna aliyeligusa. Amesema: kwa miaka miwili uangalifu wangu ulituweka hai. Kisha ikafika siku ambayo ulikuwa kosa, na hakuna aliyekuja kuniambia kuwa ni leo.

Namchukia Mama leo. Naandika na sifuti.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimetoa mfuko wa mchele chini ya kitanda. Nimeketi katikati ya sebule, nimewasha taa, taa iliyokatazwa, nimezifungua barua zote. Miaka mitano ya bahasha. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, mikono kichwani kama mtu anayeangalia nyumba ikiungua.

Unajua ni nini, shajara? Watu wa king'ora cha moshi. Kila mwaka wanataka kuja kukagua king'ora cha moshi. Nyingine zinauliza kama tunataka dirisha jipya la jikoni. Moja ni ya Krismasi, kutualika chai kwenye ukumbi wa maghorofa yetu. Hakuna hata moja, hata moja, inayoturudisha popote. Miaka mitano tumeganda na vijiko midomoni kwa sababu ya king'ora cha moshi.

Nilianza kuzisoma kwa sauti. Si kwa kunong'ona, kwa sauti ya mtu. Mama amenifikia kwa hatua mbili na kuniziba mdomo kwa kiganja.

"Unyamaze, utatuuwisha!"

Nakijua kiganja hicho. Nilikuwa na miaka mitano, juu ya dari la nyumba ya mjomba, nje kidogo ya Bukavu, watu wenye bunduki wakipita nyumba hadi nyumba. Siku kumi na moja. Kilikuwa kinanuka mkaa na chumvi. Wakati ule kiganja kiliniokoa.

Leo nimekiuma.

Nimekiuma kweli, hadi nikahisi mfupa. Mama hakulia. Ametazama mkono wake, kisha mimi, kisha akaenda kuzima taa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mama ameenda kazini na bandeji. Hatujasemeshana. Neema ameniuliza kama watu wazima wanaumana. Nimemwambia ndiyo.

Naona aibu. Sijutii lakini. Sijui kama hivyo viwili vinakaa pamoja, ila kwangu vimekaa.

Jumanne, 28 Oktoba

Likizo fupi, lakini mazoezi yapo. Wengine walipokwenda kula nimemweleza Bibi Gitla kila kitu: soksi, mfuko, karatasi nyekundu, kiganja, meno. Nilitaka maneno ya hekima. Watu wa umri wake wanatakiwa kuwa nayo.

Ameuliza anwani. Ameuliza kama kuna lifti. Nimesema imekufa. Amesema Jumapili saa tisa, baada ya kanisa lenu, na nisimwambie Mama.

Nimemwambia ni ghorofa ya nne na yeye ana miaka tisini na sita. Amenijibu kuwa anaujua umri wake.

Jumapili, 2 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Alikuja kwa basi. Alipanda kwa dakika arobaini. Nilikuwa nyuma yake na kiti cha kukunja, na kila kituo cha ngazi aliketi, akapumua, akatukana kwa Kifaransa, akainuka. Watoto wa ghorofa ya pili walitoka kumshangilia. Aliwapungia kama rais.

Mlangoni petu nilitaka kutoa ufunguo. Amenizuia. Hakugonga pia. Amejisogeza kwenye ubao, na kwa Kifaransa, kwa sauti ambayo jirani wa chini ameisikia bila shaka, amesema: Mama, mimi ni Myahudi wa Brussels, nina miaka tisini na sita, nimepanda ghorofa nne, na nataka choo sana.

Amesema tena: sana.

Namjua mama yangu. Anaweza kumwacha nje askari, afisa, hata mchungaji. Lakini bibi mzee aliyebanwa, mbele ya mlango wake, aadhirike kwenye ngazi watu wakiona? Huko kwetu laana ya jambo hilo hufuata wajukuu. Nimesikia komeo la kwanza. Komeo la pili lilichukua muda. La tatu. Mama amefungua, uso umempauka, akamshika mgeni mkono na kumpeleka chooni bila hata kunitazama.

Baada ya hapo mgeni ni mgeni. Mama amesonga bugali. Amepasha sombe, kisamvu cha kwetu. Bibi ameuliza kama kuna nguruwe, akaambiwa hakuna, akala. Kula kwake ni kwa kelele. Waliongea Kifaransa, Mama kwa kunong'ona na yeye kwa kupaza, na kwa kuwa ni kiziwi kidogo kila mara alimwambia Mama aseme tena. Basi Mama akawa anapandisha sauti bila kujua. Kifaransa changu ni cha kuokoteza. Jina la Lea nimelisikia. Nimesikia neuf jours, siku tisa. Mama ameacha kula.

Kisha Mama amesimulia yake, na kwa hili amegeukia Kiswahili, akinitazama mimi. Amesema wale watu hawakuvunja mlango wa mjomba. Waligonga taratibu. Sauti iliyoita ilikuwa ya jirani, mtu aliyekuwa akituazima jembe. Aliita jina la mjomba kwa upole kabisa. Mjomba akamfungulia. Mama alikuwa juu na mimi, akaona kupitia ufa.

Sikujua. Miaka kumi na miwili najua kwamba mjomba aliuawa, sikujua kwamba alifungua.

Nimemtafsiria Bibi kwa Kiingereza kibovu. Nilidhani atasema hapa London ni salama. Hakusema. Amesema sinagogi lake lina walinzi mlangoni, na yeye mwenyewe siku hizi kuna asubuhi anatazama mlango wake mara mbili. Amesema hawezi kumwahidi Mama chochote. Anachojua ni kwamba alikalia kifuniko siku tisa na tangu hapo hajawahi kuuendea mlango bila kukikumbuka, na kila akifungua mlango anafungua kwa hasira, kwa ajili ya wale walioufanya mlango kuwa kitu cha kutisha. Hao hawatampa ruhusa. Anafungua bila ruhusa yao.

Mama ameosha vyombo. Bomba nusu.

Wakati wa kuagana amemfungia sombe kwenye kopo la siagi. Kushuka kulichukua dakika ishirini.

Jumatano, 5 Novemba

Nilisahau tarehe. Kila mwaka nasahau. Leo Waingereza wanapiga fataki.

Zimeanza saa kumi na mbili jioni. Mama alikuwa anamenya viazi. Mlipuko wa kwanza, kisu chini. Wa pili, yuko chini ya meza. Amemvuta Neema naye. Neema analia kwa Kiingereza, anasema ni fataki tu, Mama, ni fataki tu, wana hata ratiba. Mama hasikii. Nimeingia chini ya meza, nikawashika wote wawili mpaka zikaisha.

Ametengeneza foleni ya viti nyuma ya mlango. Ametaja upya sheria zote na kuongeza moja: choo kisivutwe maji baada ya magharibi.

Kesho kutwa ndiyo Ijumaa. Basi. Yamekwisha. Mchezo wa kuigiza una mwisho mzuri kuliko huu, na ndani yake mtu anakufa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimefunga nguo za Neema kwenye begi. Mama ameona.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika haraka kabla sijasahau mpangilio.

Mama karudi kutoka kazini saa moja na nusu. Akakaa kwenye kiti cha mwisho cha foleni yake, ukumbini, koti mwilini. Neema akala. Mimi niliamua jambo moja tu usiku: simfungulii. Ufunguo ninao na mkono ninao, lakini nikifungua mimi atabaki amejificha nyuma yangu hadi kufa, hata wakituachia nyumba.

Saa mbili na nusu kamili wamegonga. Vivuli vya miguu, jozi tatu. Mwanamke ametaja jina la ofisi. Amegonga tena. Nikasikia kisanduku cha chuma kikiwekwa chini na mtu akikifungua. Vifaa. Fundi amemwambia mwenzake kuwa ni kazi ya dakika kumi, nyumba tupu huwa rahisi.

Nyumba tupu.

Nimekwenda kwenye mfuko nyuma ya mlango, nikatoa viatu vyangu vya shule, vile vizito. Nikavivaa humo ndani. Nikatembea. Toka mlangoni hadi dirishani, visigino, kila hatua kama kugonga mhuri. Neema amenitazama mara moja tu. Akavaa vyake akaanza kuruka kitandani, kisha sakafuni, kitandani, sakafuni. Sijawahi kusikia nyumba yetu. Ina mwangwi. Vyombo vimetikisika kabatini. Nje mazungumzo yamekatika.

Mama amesimama. Nilidhani anakuja kuniziba mdomo tena, na nilikuwa tayari. Amesimama mbele ya foleni ya viti, kiganja chenye alama ya meno yangu kimebonyeza ukuta. Fundi amegusa kitasa kwa kitu cha chuma.

Na Mama, si kwa Kiingereza, si kwa Kifaransa, amepiga ukelele:

"Ngoya! Niko navala!"

Subirini, navaa. Hakuna aliyeelewa huko nje, na wote wameelewa. Chuma kimetoka kwenye kitasa.

Na kweli amekwenda kuvaa. Amewasimamisha dakika nane nzima. Ametoka na kitenge cha kanisani, kilemba, hereni. Ameondoa viti kimoja kimoja, hakutaka msaada. Makomeo matatu. Kwenye la tatu mkono umekataa, akaupiga kwa mkono mwingine, ukakubali.

Amefungua.

Mwanamke wa ofisi alikuwa kijana, ameshika kibao cha karatasi, uso mwekundu. Ameomba kitambulisho. Mama amekitoa kifuani. Ameuliza tunaishi wangapi. Mama ameonyesha vidole vitatu, kisha ameona havitoshi, akasema kwa Kiingereza chake, neno moja moja, watatu, hapa, miaka mitano. Wameingia. Wamebonyeza king'ora cha moshi. Kimelia, kelele ya kutoboa kichwa. Mama amefumba macho, amejishika kwenye mlango, hakukimbia. Mwanamke ameandika, ametia sahihi, amesema suala limefungwa na samahani kwa usumbufu.

Wakati wanageuka Mama amenishika bega.

"Ubaambie lifti imekufa tangu mwezi wa nane. Niko na mugeni ya miaka makumi tisa na sita, anapandaka kwa miguu. Ni haya kwabo. Batengeneze."

Nimewaambia. Neno kwa neno, na haya yao ndani. Mwanamke ameliandika.

Baada ya mlango kufungwa Mama ameketi sakafuni na kutetemeka kama mwenye malaria. Nimeketi naye. Nimeubusu ule mkono. Amesema nina meno makali kama ya baba yangu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumtaja baba tangu tumzike Nairobi. Neema alikuwa bado anaruka.

Alhamisi, 20 Novemba

Tumecheza. Ukumbi ulijaa. Kwenye tukio la glavu nilishona uzi wa kweli kwenye glavu ya kweli, na Bibi Gitla, safu ya mbele, alisema kwa sauti kuwa Lea hakuwa anatoa ulimi nje akishona. Watu walicheka. Nikauweka ulimi ndani. Tulipofika siku tisa hakuna aliyecheka.

Hatukuweka kengele wala bendera. Mwisho, Simon na Gitla wanainua kifuniko, mwanga unaingia, na mimi nimelala pale pale. Hawanifuniki. Bibi alitaka watu waondoke wakiwa wamenitazama.

Mama alikaa kiti kilicho karibu kabisa na mlango wa kutokea. Alikaa hadi mwisho. Alimsubiri Bibi nje, wakashikana mikono, wakaenda kutafuta basi wakigombana kwa Kifaransa kuhusu chumvi.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua. Hatukufanya lolote la maana.

Wiki hii Mama amefungua mlango mara mbili na mara moja hakufungua. Mara hiyo moja alikuwa mtu wa posta na kifurushi cha jirani. Viti bado viko ukumbini, ila vimesogezwa kando.

Mchana baada ya chakula amejinyoosha kwenye kochi la sebuleni. Nilikuwa mezani nasoma. Baada ya muda nikasikia kitu, nikadhani ni pikipiki mtaani. Nikainua kichwa. Ni Mama. Anakoroma. Mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia, anakoroma hadi glasi mezani inaitikia.

Miaka kumi na saba nimelala karibu na mwanamke huyu, darini, kwenye hema, chumba kimoja Nairobi, na sikuwahi kujua kwamba anakoroma.

Neema amekuja kumwamsha, anasema hasikii katuni zake. Nimemwambia aongeze sauti.